Nafasi ya Nane

Bwana Gaddy, mwenye nyumba, hakuingia ndani. Alisimama barazani na mguu mmoja kwenye ngazi, funguo za gari zikimcheza mkononi, akaita kwa sauti ya mtu aliyeleta habari njema.

"Verlon, ndugu yangu! Jumamosi ndiyo yenyewe. Fahali wetu na ubingwa wa ligi! Hivi wiki hii unalala kweli?"

"Nalala kidogo, Bwana Gaddy."

"Mimi silali. Simu haikomi. Kamati haijapanga hata hizo timu kumi na mbili, watu wa Atlanta wanataka nyumba tayari. Mechi ya mtoano, hapa hapa Tullis, mtu anatoka kitandani na kuingia uwanjani! Familia moja imeshanipa arubuni. Wakija, ni dola elfu tisa kwa siku mbili, Verlon. Elfu tisa!"

Verlon Stokes aliurudisha mlango nyuma yake, akauacha wazi kidogo tu. Sebuleni mlikuwa na kitanda cha hospitali, cha kupandisha na kushusha kwa kitufe, na juu yake Mama Ozella, mama wa mkewe, saratani imeshamwingia mifupani. Hospitali walimrudisha Novemba baada ya mechi ya mwisho ya nyumbani. Wakati wale watu wa gari la wagonjwa wakimpitisha mlangoni alipiga ukelele ambao jirani alitoka kwake kuusikiliza. Alipotulia alimshika Arletta, binti yake na mke wa Verlon, mkono. "Msinihamishe tena," alisema. "Popote pale. Niacheni hapa hapa niishie." Nao walimwahidi.

"Bibi anaendeleaje?" Gaddy aliuliza, akichungulia.

"Ni wa kusubiri tu. Nesi anasema wiki mbili, pengine tatu."

"Maskini. Kanisani tunamwombea." Gaddy alitikisa kichwa, kiasi cha adabu. "Sasa, ikitokea tumepata mechi ya nyumbani, ni ile ile kawaida yetu. Mnatoka Ijumaa mchana, mnarudi Jumapili saa sita."

Kawaida yenyewe ilikuwa hivi. Nyumba zilizopakana na uwanja kodi zake hazishikiki, lakini Verlon, fundi wa mitambo katika kiwanda cha kuku, alikuwa akilipa nusu. Nusu ya pili aliilipa kwa kuondoka. Kila mechi ya nyumbani ya Fahali, timu ya chuo cha Tullis, yeye na mkewe walifungasha nguo, wakafuta sinki, wakatandika mashuka mapya, wakaenda kulala kwa dada wa Arletta, na matajiri waliowahi kusoma Tullis wakaingia na makasha yao ya barafu. Ilikuwa siku za vuli tu, na wakati ule dada wa Arletta alikuwa bado hajahamia Texas.

"Bwana Gaddy," Verlon alisema, akijikuna shingo, "tulipopatana, si zilikuwa mechi za msimu? Septemba mpaka Novemba?"

"Lo! Verlon! Nani alisema na za mtoano ziingie? Ni mimi? Mimi nilisema Jumamosi saba. Wewe ndiye uliyesimama hapa ukacheka mpaka ukashika mbavu, ukasema siku Fahali wakicheza mtoano Tullis, hata godoro lako utawaachia wageni. Mke wangu ni shahidi."

Alisema kweli, ndio ubaya wake. Verlon alitamka maneno hayo, tena kwa kujigamba, kwa sababu katika mji ule shabiki hakubali hata katika mapatano ya kodi kuandika kwamba timu yake haitafika mbali. Na zaidi ya hapo, mtoano ulikuwa kama wake. Miaka kumi na moja alikuwa akipiga simu kwenye kipindi cha Rudd redioni kuwaeleza watu namna ya kumpata bingwa wa vyuo katika mpira wa Kimarekani. Timu kumi na mbili. Nne za juu zipumzike. Ya tano mpaka ya nane zikaribishe wenzao nyumbani kwao, kwenye viwanja vya vyuo, baridi na iwe baridi, si kwenye viwanja vya kukodi huko mbali ambako mfanyakazi wa kawaida hafiki. Siku wakubwa wa vyuo walipotangaza utaratibu mpya, nao ukawa karibu ule ule, Rudd alipiga kelele hewani, "Wamemwibia Verlon!" Wiki nzima Verlon hakujinunulia kahawa, watu walimnunulia.

Gaddy alimpiga begani. "Usijali. Kwanza tushinde."

*

"Nieleze polepole," Arletta alisema jikoni. "Kama mtoto."

"Wakishinda Jumamosi, wanaingia nne za juu. Wanapumzika, mechi yao inayofuata ni mbali. Hakuna anayekuja hapa."

"Wakifungwa?"

"Wakifungwa kidogo, kamati inawaweka kati ya tano na nane. Hapo mechi ni hapa."

"Na wakifungwa sana?"

"Wanashuka tisa, kumi huko. Wanasafiri wao."

Arletta aliiweka chupa ya dawa mezani. "Kwa hiyo tuombe nini, Verlon?"

"Washinde."

"Na wasipoweza?"

Verlon aliangalia sakafu. Maneno yalikuwa mazito kuyatoa, kwa mtu aliyekuwa amechorwa kichwa cha fahali kwenye bega la kushoto. "Wapigwe mpaka waone haya," alisema.

*

Jumamosi ile alikaa kwenye kiti cha plastiki miguuni mwa kitanda, televisheni imepunguzwa sauti. Mama Ozella alikuwa amefumba macho, lakini alikuwa akifuatilia, maana alizoea kuimba pamoja na bendi ya chuo tangu ujana wake.

"Ngapi ngapi?" aliuliza.

"Tatu kwa ishirini na saba, Mama. Tumezidiwa."

"Ah. Hawa watoto wana nini leo?"

Ilikuwa robo ya tatu, na Verlon alikuwa ameshakata tamaa ya ushindi. Basi alifanya jambo ambalo tangu azaliwe hajalifanya. Aliinamisha kichwa na kuwaombea Fahali mabaya. Aliomba mpira uwaponyoke. Aliomba yule kijana mrushaji, mtoto mzuri tu, ambaye picha yake ilibandikwa kwenye friji yao, arushe mikononi mwa adui. Aliomba, akasikia aibu, akaendelea kuomba.

Na wale vijana, jamani, wakaamka. Wakapachika la kwanza, pointi saba papo hapo. Wakaunyang'anya mpira, wakapachika la pili. Nyumba ya jirani ilianza kutikisika kwa vishindo. Verlon alisimama, akakaa, akasimama tena. Walipopachika la tatu mkono wake ulipanda juu wenyewe kwa mazoea, akaushusha kwa mkono wa pili.

"Verlon," Arletta alisema kutoka mlangoni, "hiyo ni nzuri au mbaya?"

"Nyamaza kwanza."

Ishirini na saba kwa ishirini na nne. Mpira kwa Fahali, karibu kabisa na mstari, na saa ikiyoyoma. Sasa alikuwa akiomba tena kwa moyo wake wote, kwa haki, kama zamani: ingieni, wanangu, ingieni! Kijana mmoja alikimbia nao, akaangushwa, akanyoosha mkono. Mpira ulisimama hatua moja nje ya mstari, na filimbi ikalia.

Nje watu walikuwa wakilia na kupiga makofi kwa pamoja. Mtangazaji alisema hajapata kuona timu iliyofungwa kwa heshima namna ile. Verlon alizima televisheni.

"Wamefungwa?" Arletta aliuliza.

"Wamefungwa vizuri," Verlon alisema, akaenda kunawa uso.

"Wamepigana, watoto," Mama Ozella alisema kitandani. Alikuwa akitabasamu.

*

Jumapili mchana kamati ilitangaza. Nafasi ya nane: Tullis. Honi zilianza kabla mtangazaji hajamaliza jina. Wakati Arletta akikunja taulo za mgonjwa, simu ya Verlon ililia, ujumbe wa Gaddy: "HONGERA KWETU SOTE!!!" na vichwa vitatu vya fahali.

"Nafasi moja tu," Verlon alisema. "Nafasi moja chini na tungekuwa tisa."

"Nani aliyesema nane ndiyo icheze nyumbani na tisa isafiri?"

Verlon aliilaza simu kifudifudi mezani.

"Nauliza tu," Arletta alisema. "Miaka kumi na moja nimekusikia ukizungumza na ile simu. Usiku wa kuamkia harusi ya mpwa wangu ulikuwa kwenye ile simu. Nilidhani ni mchezo."

"Ulikuwa mchezo, Letta."

"Mama aliguna leo nilipombadilisha shuka. Shuka tu. Unataka nimweke garini?"

Jumatatu jioni alimpigia Rudd. Hakujua atasema nini hasa. Kulikuwa na kijipembe moyoni mwake kilichoamini kwamba sauti iliyouleta mtoano nyumbani ingeweza kuusogeza, ukachezwe Birmingham au popote. Mtu akizama hushika hata povu.

"Mabibi na mabwana," Rudd alinguruma, "nani yuko hewani kama si baba wa mtoano mwenyewe! Verlon wa Tullis! Unajisikiaje, mzee?"

"Rudd, nimefikiria tena. Nadhani raundi ya kwanza isichezwe vyuoni."

Rudd alicheka. "Umelewa, Verlon?"

"Sijalewa. Kuna watu wanaoishi karibu na viwanja. Mechi ya Desemba hatukuitarajia. Mtu anaweza kuwa na mgonjwa ndani..."

"Karibu na viwanja! Hao si ndio wanaokusanya hela za kuegeshea magari kwenye majani yao! Ningekuwa na majani hapo ningekuwa nimestaafu!" Kicheko tena, na kengele ile ya matangazo. "Verlon anatutania, wasikilizaji. Furaha imemzidi. Nani anafuata?"

Aliyefuata alikuwa mtu wa kijiji cha jirani. "Huyo Verlon ni msaliti," alisema. "Tumesubiri maisha yetu yote, yeye analeta deko." Arletta alinyoosha mkono na kuifunga redio. Verlon aliendelea kushika simu iliyokwisha kukatika.

*

Walijaribu. Hakuna anayeweza kusema hawakujaribu. Arletta alimwendea Gaddy kwenye kliniki yake ya meno, akasimamishwa mapokezi kati ya watu waliovimba mashavu. Gaddy alitoka na glovu mkononi, akaongea naye hapo hapo. Alisema anaumia sana, lakini arubuni ameshaitumia, na kama hawawezi kushika neno lao basi Januari watafute nyumba nyingine. Alijitolea kulipia gari la wagonjwa. Hoteli zilijaa mpaka kaunti ya tatu. Kituo cha kulelea wagonjwa wanaokaribia kufa kilikuwa mwendo wa saa mbili, na hakikuwa na kitanda. Mchungaji aliwapa chumba cha shule ya Jumapili, chenye viti vya watoto na ngazi kumi na nne za kupandia.

Nesi Joelle, aliyekuwa akija kila siku ya pili, aliwaambia bila kuzunguka. "Atafia njiani, na atafia kwenye maumivu. Mkiniuliza mimi, asiguswe."

"Tukuulize wewe," Verlon alisema, "ukishatujibu unaenda nyumbani kwako."

Alijuta papo hapo, akaomba radhi. Nesi alisema hakusikia kitu. Ijumaa ilifika wakiwa hawajafungasha hata soksi.

*

Wageni walikuja na magari matatu mekundu. Verlon alitoka barazani, akavua kofia. Alikuwa amepanga maneno tangu alfajiri, yakapotea yote. Mbele alikuja mwanamke wa makamo, tajiri hasa, lulu shingoni na sweta la Fahali, amebeba sinia la mayai ya kujazwa.

"Wewe ndiye wa funguo?" aliuliza.

"Mimi ndiye ninayeishi hapa, mama. Ndani kuna mgonjwa. Ni mama wa mke wangu. Anakufa, na hatuwezi kumsogeza."

Mwanamke yule, jina lake Bi Corliss, alimpa mtu sinia, akaingia. Alisimama mbele ya kitanda, akaangalia uso wa Mama Ozella, akaangalia chupa za dawa, akaelewa yote bila kuambiwa. "Mimi nilimuuguza mama yangu miezi sita," alimwambia Arletta. "Haendi popote. Tutakaa wote."

Arletta akalia. Alilia kwa shukrani na kwa hasira, maana kushukuru nyumbani kwako kunachoma. Bi Corliss alimpigia Gaddy, na Gaddy kwenye simu akasema hana neno mradi bei haishuki.

Lakini walikuwa watu kumi na moja, na sebule ndiyo iliyokuwa na televisheni kubwa, na mlango wa mbele, na njia ya kwenda jikoni na chooni. Walikuwa wakizunguka kitanda kwa adabu, ubavu ubavu, wakiinua makasha ya barafu juu. Mpaka Verlon mwenyewe, asiyeweza kuvumilia kuona watu wakinyata namna ile kwa pesa yao, akasema, "Labda tumweke chumba chetu cha nyuma."

"Kwa usiku mmoja tu," Bi Corliss alisema haraka. "Ukiona inafaa."

Kitanda hakikupita mlangoni. Ilibidi wamwinue kwa shuka. Wanaume wanne walishika pembe, mume wa Bi Corliss na wanawe wawili na Verlon, wakahesabu moja, mbili, tatu, wakaenda naye kwa hatua za mtu anayebeba yai. Ilikuwa ni kuvuka ukumbi mdogo tu. Mama Ozella alipiga ukelele ule ule wa Novemba, halafu akafungua macho na kuwaona waliombeba, makoti mekundu pande zote.

"Nyie ni timu gani?" alinong'ona.

"Fahali, bibi," alisema mmoja, machozi yakimlenga.

"Mmenihamisha," alisema, na alikuwa akimwangalia Verlon.

*

Jumamosi mechi ilianza mchana. Wageni walikuwa wameamka mapema, wakala, wakaimba kwa sauti ya chini, wakakumbuka, wakanyamaza, wakasahau, wakaimba tena. Mara tatu mtu aligonga chumba cha nyuma: kuulizia barafu, kuulizia kifungua chupa, kuulizia kama choo kina shida au ndivyo kilivyo. Verlon alijibu kila mmoja. Alikwenda hata kurekebisha choo. Kisha wote walitoka kwenda uwanjani, na nyumba ikawa yao tena kwa muda.

Uwanja ulikuwa ukivuma kupitia ukutani. Arletta alidondosha matone ya dawa chini ya ulimi wa mama yake. Verlon alikaa upande wa pili. Kila mvumo ulipopanda alijua ni nini kimetokea. Hilo hakuweza kulizuia, masikio yake yalijifunza tangu utoto. Hapa tumezuia. Hapa tumepachika. Hapa mwamuzi amekosea. Alijichukia kwa kujua.

Pumzi za Mama Ozella zilianza kuachana. Arletta alimwita, "Mama, nipo," akamwita tena. Ilikuja pumzi moja, ikakaa, ikaja nyingine ndogo. Kisha uwanja ukalipuka, kelele kubwa kuliko zote, vioo vya dirisha vikatetemeka, na katika kelele ile hawakusikia pumzi ya mwisho ilikuwa ipi. Arletta aliinama, akaweka sikio kifuani kwa mama yake. Akakaa hivyo.

"Sisikii," alisema. "Verlon, waambie wanyamaze, sisikii!"

Verlon alisimama katikati ya chumba, mikono imening'inia.

Watu wa huduma za maziko waliahidi kuja, lakini mitaa yote ya uwanja ilikuwa imefungwa, na polisi walisema haitafunguliwa mpaka umati upungue. Fahali wameshinda, umati hautapungua leo. Arletta alimwosha mama yake kwa maji ya uvuguvugu, akamvalisha gauni la buluu, akamchana nywele. Verlon alimshikia beseni.

Wageni walirudi wakiimba, nyuso zimepakwa rangi, wamekumbatiana. Bi Corliss alitangulia chumba cha nyuma na sahani ya kuku. "Tumemletea bibi kidogo, hata kama ataonja tu..." Aliona. Aliiweka sahani juu ya kabati, akamkumbatia Arletta, akatoka. Sebuleni kelele zilikatika ghafla, huku mtaani honi zikizidi.

Verlon alipotoka aliwakuta wamesimama wote kumi na moja, kofia mikononi, rangi nyekundu imewatiririka mashavuni. Hakuna aliyejua aangalie wapi. Televisheni ilikuwa ikiwaka bila sauti, ikirudia lile bao.

"Pole sana, bwana," mume wa Bi Corliss alisema. "Sisi tunaondoka. Tunakusanya vitu sasa hivi. Hii ni nyumba yenu."

Barabara ilikuwa imefungwa kwao pia, na wote walilijua hilo. Verlon alisogeza kiti kimoja kilichozuia njia, akakiweka mahali pake.

"Kaeni tu," alisema. "Mmelipia mpaka kesho saa sita."